Maza Yupi

Tarehe 9 Machi

Kwako mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Sisi huku wazima kwa kadiri inavyowezekana. Mguu wa mama mdogo umepungua uvimbe, sasa anafika dukani bila mkongojo, ingawa bado anaubeba ili watu wampishe. Paka wa jirani amezaa tena, safari hii ndani ya kapu letu la vitambaa. Jiko limepakwa rangi. Habari ndizo hizo.

Usidhani naandika kwa sababu moyo umelainika. Hii ni wiki ya tano tangu tumzike Maza, na wewe mwanawe wa pekee wa kiume hukuwepo, na hilo halifutwi kwa kalamu. Namba yako nimeifunga kwenye simu yangu na itabaki imefungwa. Naandika kwa karatasi kwa kuwa meseji zimenikomesha. Barua nampa karani wa vifurushi pale kituo cha mabasi, na jibu lako lipitie hapohapo.

Haja yangu ni kompyuta ya karakana. Bodi kuu ya ndani uliyoituma ilifika siku tuliyotoka kuzika. Nilikabidhiwa boksi lenye utepe mwekundu mbele ya watu waliokuja kunipa pole, wakadhani ni rambirambi. Nikalisukumia chini ya kitanda. Sasa bodi ya zamani imeungua, umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, na nimelazimika kuinama kulitoa boksi lako. Shule imeagiza nembo mia tatu na sitini za sweta, zinatakiwa katikati ya Juni. Michoro yote ya Maza, ya miaka kumi na tisa, imo kwenye diski ile, na mashine ya kudarizi haishoni bila kuambiwa na kompyuta.

Volteji, yule fundi redio mwenye nyusi zilizoungua, ameifunga bodi yako. Diski ni ileile. Tukiwasha, skrini inasema hakuna kifaa cha kuwashia, inanyamaza.

Niambie cha kufanya. Usiandike jambo jingine.

Dada yako.


Tarehe 17 Machi

Shikamoo dada,

Nimefurahi kusikia mama mdogo anatembea. Huku hatujambo. Binti yangu ameng'oka meno mawili ya mbele na anakataa kucheka mbele ya wageni. Mke wangu anakusalimu. Duka langu bado lipo chini ya ngazi, mwenye nyumba ametoa taa ya korido, kwa hiyo wateja wanafika kwangu wakipapasa ukuta kama wezi.

Umesema nisiandike jambo jingine. Nitaliandika, kisha nitakujibu la kompyuta.

Meseji yako ya ile Ijumaa niliisoma nikiwa nimeinamia mashine ya mtu, mkono mmoja umeshika chuma cha kulehemu. Nikaelewa ni bodi iliyokufa. Sikuwaza kitu kingine, Mungu anajua. Siku ya tano ndipo mama mdogo aliponipigia kuniuliza mimi ni mtu wa namna gani. Nilifunga begi palepale. Nilikuwa dirishani nakata tiketi aliponipigia tena kusema umeapa nisikanyage mlango wako. Nikarudi na begi langu. Nimekosa, nakiri. Lakini nami nina swali langu. Uliposoma jibu langu la kipumbavu, kwa nini hukupiga simu? Mlio mmoja tu, dada.

Sasa kompyuta. Bodi mpya hutafuta diski kwa utaratibu mpya, na diski ya Maza imepangwa kwa utaratibu wa zamani. Ukiwasha tu, gongagonga kitufe cha Delete mpaka ufike kwenye ukurasa wa setapu. Tafuta palipoandikwa CSM, ndiyo inayoruhusu utaratibu wa zamani. Washa, hifadhi, toka. Iache iamke. Uniandikie ulichokiona, si ulichokidhani. Kazi yetu hii haina uganga: mtu akidanganya juu ya alichokiona, fundi anatibu ugonjwa wa mtu mwingine.

Nataka kuja nyumbani. Nataka kuliona kaburi. Nijibu na hilo.

Mdogo wako.


Tarehe 2 Aprili

Kwako,

Tu wazima. Mama mdogo ameanza kwaya. Vitoto vya paka vimefumbua macho na kimoja kimejifanya mwenye nyumba.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na kazi, na kwa sababu sikutaka kujibu. Chagua sababu unayoipenda.

Nilichokiona ni hiki. CSM nimewasha. Diski sasa inaonekana. Nembo ya windo, ile Windows yake, inatokea, vidoa vinazunguka mara tatu, kisha skrini inakuwa ya bluu yenye maandishi meupe, inazima yenyewe na kuanza upya. Ile bluu inapita haraka kuliko kope, ikabidi niirekodi kwa simu na kuisimamisha ndipo nikasoma. Mwishoni pana 7B. Volteji anasema 7B ni kirusi. Ananuka moshi tangu asubuhi, sijui kama nimwamini.

Umeniambia niandike nilichokiona, si nilichokidhani. Vizuri. Nami nimekunakilia meseji zetu za wiki ile, herufi kwa herufi, ili usome ulichokiandika.

Jumatatu mimi: Maza amezima tena. Wewe: Mpumzishe, mfute vumbi. Jumanne mimi: Maza amekufa kabisa leo. Wewe: Mtoe ram, msugue kwa ufutio, atafufuka. Jumatano mimi: Amefufuka, ila ana joto. Wewe: Mwekee feni. Alhamisi mimi: Maza ni mzima, ameshona mpaka jioni. Ijumaa mimi: Maza amekufa. Alfajiri. Njoo. Na wewe: Pole. Alishazeeka huyo, tusingeweza kumpiga viraka milele. Hakuna haja ya mimi kuja, nakutumia mwingine kwa basi la jioni.

Nimewasomea ndugu wote. Mjomba aliomba nirudie pale pa mwingine, akidhani masikio yake yana kasoro.

Mchezo wa kuziita bodi maza uliuleta wewe na mafundi wenzako, mkaipa mashine a- ya mtu ili mcheke. Marehemu naye alicheka, alikuwa akinisikia nikisema maza amekufa anaitikia kutoka jikoni, nani tena. Kuanzia leo kwenye barua zangu bodi ni i-, kiti ni ki-, na mama ni a-. Na ujue bodi uliyoipa pole siku ile ilikuwa inawaka. Ilikuja kuungua wiki tatu baadaye.

Kuja, hapana. Shikamoo yako nimeipokea, nimeiweka.

Dada yako.


Tarehe 10 Aprili

Shikamoo dada,

Iweke na hii karibu na ile.

Hatujambo. Binti amejifunza kucheka huku ameziba mdomo. Mvua imeingia dukani kupitia ngazi, nimeinua vitu vyote juu ya matofali.

Nimezisoma meseji. Nimezisoma mara nyingi kuliko wewe, nazo ni zangu. Ila umenakili na Jumanne, na nashukuru. Jumanne uliniandikia Maza amekufa kabisa, na Jumatano amefufuka. Ijumaa unaandika neno lilelile, kwa a- ileile, bila kuongeza mama, bila kuongeza marehemu. Ni mimi peke yangu niliyekosea? Utasema ulipiga simu alfajiri. Kweli, nimeona, mara mbili, simu ilikuwa kwenye chaji. Hizo ni kabla ya meseji. Baada ya jibu langu hakuna hata moja. Nimeuliza kwa nini, ukanijibu habari za paka.

7B si kirusi, mwambie Volteji arudi kwenye redio. Kila bodi ina chipseti, yaani kundi la chipu zinazopokea maneno ya prosesa na kuyafikisha kwenye diski, kibodi na vyote vilivyobaki. Ni mkalimani. Windo ya Maza ilipigwa miaka kumi na mitatu iliyopita juu ya chipseti ya wakati ule, na inajua lugha ya huyo mkalimani tu. Sasa imeamkia mikononi mwa mgeni. Inaiita diski, mgeni haelewi, inaanguka, inaanza tena. Itafanya hivyo mpaka mwisho wa dunia.

Jaribu hivi. Rudi setapu, tafuta mahali pa SATA, yaani njia ya diski. Utakuta AHCI. Ibadilishe iwe IDE, hiyo ndiyo lugha ya zamani. Kama IDE haipo, hapo tuna matatizo, na itabidi tupige windo upya, tuanze na diski tupu.

Nikwambie kitu kingine na kikuume. Boksi langu lilikaa chini ya kitanda chako wiki tatu, bodi ya zamani ikiwa hai. Ungenipigia wakati ule ningekuelekeza kuingiza draiva, yaani programu za kuielewa chipseti mpya, kabla ya kuhama. Dakika ishirini, na leo ungekuwa unashona. Windo huandaliwa kabla ya kuhama, si baada. Kununa kwako ndiko kulikoua kompyuta hiyo, kwa hiyo usinitupie lawama zote mimi.

Mdogo wako.


Tarehe 26 Aprili

Kwako,

Mama mdogo ametolewa kwenye kwaya kwa kuimba sauti ya wanaume. Anasema ni wivu. Wengine wazima.

IDE haipo. Nimeingia setapu mara nne, nimesoma kila mstari kwa miwani ya Maza. Kuna AHCI na kuna RAID, basi. Nimejaribu zote, bluu ni ileile na 7B ni ileile. Nimejaribu na ile njia ya usalama ambayo Volteji alisema hutumika windo ikiugua. Inaorodhesha majina ya mafaili mstari kwa mstari, inafika mahali inaganda, kisha inazima.

Kupiga windo upya, sahau. Programu ya kudarizi imefungwa kwa windo ile, walioiuza walishafunga ofisi, CD yake ilivunjika ulipoikalia mwaka uliohama, na michoro haifunguki kwa programu nyingine. Diski ikifutwa, Maza ameondoka mara ya pili. Na usiniambie niitume kwako uinakili. Diski haitoki ndani ya nyumba hii.

Sasa nami nikwambie kitu kikuume. Windo ile aliipiga nani? Si wewe, ukiwa umekaa kwenye kiti cha Maza unakula karanga na kutupa maganda kwenye uzi? Ulijua umri wake. Wewe mwenyewe umeandika kwamba windo inajua chipseti yake tu. Fundi gani anatuma bodi ya juzi kwa windo ya miaka kumi na mitatu bila kuuliza? Volteji mwenyewe, pamoja na nyusi zake, akiletewa redio huuliza kwanza inatumia betri ngapi.

Ndivyo ulivyo tangu utotoni. Huulizi. Unasikia nusu, unakimbia. Umetuma bodi isiyofaa kwa sababu hukuuliza windo ipi, na umekosa mazishi ya mama yako kwa sababu hukuuliza maza yupi. Maneno mawili. Ningekuwa wewe, ndugu yangu ameniandikia njoo, ningeuliza kwanza naitiwa nini.

Miaka sita hukuja akiwa hai. Alikuwa anakutengea sahani ya kukisia, eti leo huenda ukaja. Leo kaburi unalitakia nini?

Nembo mia tatu na sitini nimeanza kudarizi kwa mkono. Moja inakula dakika hamsini. Vidole vyangu hesabu mwenyewe.

Dada yako.


Tarehe 21 Mei

Shikamoo dada,

Hatujambo sote.

Umesema kweli juu ya bodi. Swali la kwanza kabisa la kazi yangu sikuliuliza, na ningekuwa mteja wangu ningejifukuza. Juu ya miaka sita pia umesema kweli, na sababu nilizokuwa nazo nikiziandika hapa zinaonekana ndogo, kwa hiyo siziandiki.

Ndani ya boksi hili kuna bodi nyingine, ya zamani, chipseti ileile aliyokuwa nayo Maza, pamoja na prosesa na ram zake. Usiulize nimeitoa wapi, nimeipata tu. Nimeipima siku tatu, haina tatizo. Volteji afunge, achomeke diski kwenye tundu la kwanza, si la pili. Usiguse kitu setapu. Ikikubali, nakili michoro yote kwenye diski nyingine siku hiyohiyo, na umeme ukitikisika zima, ng'oa waya ukutani.

Shule ikikusumbua, waambie kosa ni langu.

Swali langu la tarehe 17 Machi bado liko pale.

Mdogo wako.


Tarehe 4 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Hiyo ni ya zote tatu, ulizotuma na nikazikalia.

Mama mdogo hajambo, amerudishwa kwaya baada ya mwenye sauti ya wanaume kuhama. Mimi vidole vimevimba lakini vinapona.

Nitaanza na kompyuta kwa kuwa ni rahisi zaidi. Boksi nililifungua mwenyewe kabla Volteji hajafika. Pembeni mwa bodi pana namba 2 iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, mkia wake umepinda kama Maza alivyoupinda. Bodi yetu iliyoungua ina namba 1. Alizinunua mbili siku moja, akaziandika namba ili tusigombane, moja ya karakana na moja yako ya kuanzia duka. Kwa hiyo najua umeitoa wapi. Umeing'oa kwenye mashine yako unayopimia za wateja, na sijui tangu Mei unafanyaje kazi. Hukusema, nami nimeona.

Volteji amefunga. Vidoa vimezunguka mara tatu, mara nne, mara tano, na skrini ikawa ile picha ya maua aliyoipenda. Programu ya kudarizi ikafunguka yenyewe ikaleta kazi ya mwisho. Ni nembo ya shule hii hii, aliianza ile Alhamisi. Imesimama kwenye mshono wa elfu nne mia moja na kumi na mbili, katikati ya ukingo wa ngao, na chini inauliza, je, uendelee ulipoishia. Volteji aliniambia nibonyeze ndiyo. Nilimwambia atoke nje. Siku ya mazishi sikulia, watu walinisifu. Nimelia siku hii, dada mtu mzima, nimekumbatia kava la kompyuta.

Nembo zimekamilika zote, nimepeleka shule jana.

Sasa swali lako.

Uliniambia fundi akidanganywa anatibu ugonjwa wa mtu mwingine. Miezi hii yote nimekuwa nakueleza bluu ni ya rangi gani na herufi ni zipi, kwa uaminifu wote, na lililo kubwa nimelificha. Nilipoisoma ile meseji yako, nakutumia mwingine kwa basi la jioni, nilicheka. Watu wameshaanza kuingia, Maza amelala chumba cha pili, mimi nimesimama mlangoni nacheka, mama mdogo akadhani nimechanganyikiwa. Nilicheka kwa sababu nilielewa palepale kwamba umesoma bodi. Wala haikuchukua dakika. Kama Maza angekuwa hai ningekimbia kumsimulia.

Nikashika simu nikupigie. Nikaitazama namba yako. Nikawaza sahani zile za kukisia. Nikasema, mwache. Mwache asije, ajue ladha yake. Mama mdogo aliniuliza, mdogo wako anakuja? Nikamjibu, nimeshamwambia. Neno lenyewe lilikuwa kweli, na nilijua linafanya kazi ya uongo. Halafu nikawasomea ndugu meseji yako, nikaruka Jumanne. Walipokulaani nilinyamaza, na nitakwambia ukweli wote, nilifurahi. Furaha hiyo ilidumu kama wiki moja.

Kumbe hata kukuandikia kwamba ungeuliza maza yupi nilikuwa najipa moyo tu. Wewe hukuuliza kwa kutojua. Mimi nilijua nikakuzuia.

Jumapili niliwaita mama mdogo na mjomba na wengine, nikawasomea zote kuanzia Jumatatu, pamoja na Jumanne, nikawaeleza hili ninalokueleza. Mama mdogo hajanisemesha tangu siku hiyo, ila jana ameniletea mchele kwa mtu.

Namba yako nimeifungua. Mlango uko wazi. Sikuombi uje, sina uso huo. Nakwambia tu hakuna anayekuzuia tena.

Dada yako.


Tarehe 13 Juni

Dada,

Salamu ya heshima sikuisahau. Nimeiacha kwa makusudi, na ladha ya kunyimwa itikio umenifundisha wewe.

Binti meno yameanza kuchomoza. Mke wangu amesoma barua yako baada yangu, akaikunja, akaiweka juu ya kabati nisikofika bila kiti.

Niliisoma dukani nimesimama, mteja ananingoja. Nikamwambia arudi kesho. Kisha nikafunga duka, nikatembea mpaka mwisho wa barabara, nikakuta sina pa kwenda, nikarudi.

Unajua miezi hii minne ilivyokuwa? Kila siku mtu ananiletea mashine na kusema, fundi, maza imekufa. Ni neno la kazi, hana kosa. Nami kila mara natoka nje, nasimama kwenye ngazi mpaka nitulie, ndipo nirudi kumwuliza ina miaka mingapi. Nilijiita mpumbavu kwa majina yote ninayoyajua. Nilimwomba Maza msamaha kwa sauti nikiwa peke yangu na bisibisi mkononi. Na wewe wakati wote huo ulikuwa na jibu.

Mimi nilisoma vibaya. Wewe ulisoma sawasawa, ukanyamaza. Usiyalinganishe hayo mawili, na usiniambie umelia ukidhani itasaidia. Bodi ina spea. Windo inapigwa upya. Siku ya kumzika mama yangu haina spea popote, na aliyenayo ni wewe.

Naja Jumamosi kwa basi la kwanza. Siji kusamehe, sijui kama nitasamehe, na huenda nikaondoka na hasira hii hii niliyokuja nayo. Mama mdogo amepiga kusema atanipokea yeye na kunipeleka kaburini, ili wewe usione haya. Nimemkatalia. Utanipokea wewe kituoni. Utanipeleka wewe, kwa miguu, na njia nzima utanisimulia ile Ijumaa kuanzia alfajiri. Alisema nini mara ya mwisho. Nani alimfumba macho. Mlimvalisha nguo ipi, nani alibeba upande wa kichwa, nani alichelewa, mvua ilinyesha au haikunyesha. Usiruke kitu kama ulivyoruka Jumanne, na usifupishe kwa sababu ya machozi, yangu wala yako.

Simulia polepole. Mimi sikuwepo.